Fundi wa Sebuleni

Shemeji ameingia 192.168.1.1, akaandika admin, kisha admin tena, mlango ukafunguka. Nywila hiyo haijaguswa tangu ruta itoke dukani, lakini leo shemeji "anaimarisha usalama". Kahamisha chaneli kutoka 6 hadi 11, kaweka DNS ya 8.8.8.8 kwa madaha ya mganga, kisha akazima DHCP, ile inayogawia kila kifaa anwani, kwa kuwa hakuipenda sura yake. Sasa simu zote zimeduwaa, runinga inazungusha kiduara, na bibi anauliza tamthilia yake imekwenda wapi.

"Subirini, naipangilia," anasema, huku akitafuta pini ya kuchokonolea kile kitundu cha nyuma. Ameomba pia tumwashie data, aangalie YouTube.