Zigi Wakati wa Kaskazi: Tano Bora

Joto la Januari Tanga halina adabu. Linakukuta kitandani kabla hujapiga mswaki. Watani wa Moshi watajisifia theluji yao. Sisi tuna Mto Zigi, unaoshuka Usambara Mashariki hadi baharini, na kila kinachochanua au kububujika kandokando yake tunakihesabu kuwa bustani yetu. Tuanzie mkiani.

5. Chemchemi za Galanos, Amboni. Maji moto, tena kaskazi hii! Nani kakutuma? Jina wamelitoa kwa tajiri wa Kigiriki wa mkonge, harufu wameitoa kwa mayai viza. Wanaojiogeshea salfa kwa ajili ya ngozi watanuna, lakini nafasi ya tano ni upendeleo.

4. Bwawa la Mabayani. Zigi unatua hapa kabla ya kuingia mabombani. Uzuri wote ule, sisi tunasuuzia sufuria.

3. Yungiyungi. Mtumishi wa umma huyu. Lile la buluu hufunguka asubuhi, na alasiri limeshafunga ofisi. Ukinogewa na chai na mahamri, rudi kesho.

2. Mlilana. Huu mkoko una zamu ya usiku: ua hufunguka jua likizama, nyuzi nyeupe tele, na kukicha zimeshapukutikia majini. Popo ndio wageni rasmi. Mbu huja bila kadi.

1. Saintpaulia. Hapa hatuna utani (uongo, tunao). Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka ua hili la zambarau kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo. Bibi zetu waliokuwa wakilipita wakienda kuchota maji hawakuulizwa. Sasa limejaa madirishani Ulaya na Marekani, kwenye vyungu, likibembelezwa kama mwali. Mwaka 2015 wanasayansi wakalihamishia jenasi ya Streptocarpus: talaka, baada ya miaka zaidi ya 120!

Kwao ni kwenye miamba yenye unyevu, kivulini, karibu na vijito. Mti wa juu ukikatwa, jua linalimaliza. Kwa hiyo ushindi wake ni wa msitu pia, na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997, ina kazi ya kulinda vyote viwili.

Ukilikuta mwambani, piga picha. Mkono wa kung'olea uache mfukoni.