Kichupa cha Mchaichai, Mtaro wa Kongo

Mtaa wa Kongo siku hizi unanukia kama bafu la hoteli. Kijana ananinyooshea kichupa: "Mama, mafuta ya mchaichai haya, asilia kabisa, mbu hakugusi mpaka asubuhi." Asubuhi ya wapi, mwanangu? Mchaichai humfukuza mbu kweli, ila mafuta yake hupeperuka upesi. Saa moja, mbili, basi. Kwa joto hili la Dar, jasho halisubiri hata hapo. Bibi zetu walifukiza kivumbasi kilichojiotea uani, bure. Sisi tunauziwa kwa tone.

Raha yenyewe iko chini ya meza ya kijana: mtaro mweusi, chupa za plastiki, maganda ya machungwa. Humo mbu aina ya kuleksi, mpenda maji machafu, analea wanawe bila bughudha. Na mbu yule wa dengue, aliyetutandika 2014 na tena 2019, huuma mchana kweupe, kichupa chako kikiwa kabatini kinangoja usiku. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu tangu 2015. Mtaroni hapa, tunachomimina kwa bidii ni maji ya kuoshea vyombo.