Barua ya Wazi kwa Meneja Rasilimali Watu

YAH: KUOMBA TENA NAFASI YA MHASIBU

Mheshimiwa Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakupongeza kwa kujua hesabu. Nilipouliza kwa nini kampuni yenu haina mfanyakazi hata mmoja mwenye ulemavu, ulinielewesha kwa upole kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea aajiri angalau asilimia 3 ya watu wa aina yangu. Ninyi mko 20 kamili. Asilimia 3 ya 20 ni mtu 0.6, na mtu wa namna hiyo, ukasema, hajawahi kuleta maombi.

Sheria ya zamani, ile ya 1982, haikuwa na ujanja huu: asilimia 2 kwa mwajiri mwenye watu 50. Ukipiga hesabu unapata mtu mzima, kichwa na miguu. Hii mpya imewapa desimali, na meneja hodari hujificha humo akaenea.

Basi mimi hapa. Polio ilinipitia utotoni na miguu yote miwili haifanyi kazi. Ukinipima kuanzia kiunoni kwenda juu, naamini nakaribia sana hiyo 0.6, na CPA yangu iko upande huohuo.

Nashukuru pia kwa usaili. Ulikuwa ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu, hivyo walinzi wenu wawili walinipandisha mzobemzobe, wa tatu akifuata na kiti mwendo changu. Ni kile chenye nembo yenu ubavuni, mlichonikabidhi 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, mbele ya kamera na keki. Mlango wa choo chenu, kiti hicho kilishindwa kuupita. Njia ya mteremko mnayo, haki isemwe, tena imepakwa rangi ya bluu ikapendeza. Ila juu yake mmeweka jenereta.

Jopo lilikuwa na huruma kupita kiasi. Wa kwanza aliniuliza nitafikaje kazini. Wa pili akauliza ni nani atakayenifikisha kazini. Wa tatu alitaka kujua kama kweli sina ndugu wa kunitunza. Mizania, kodi, usuluhishi wa hesabu za benki: hakuna aliyetaka kunichosha na mambo hayo. Niliondoka na soda ya kopo na ahadi ya kupigiwa simu.

Kuhusu mshahara, naomba desimali tuiweke pembeni. Konda wa daladala ninayopanda hunihesabu watu wawili, mimi na kiti, na nauli zote mbili nalipa mimi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji 0.6