Kila Mtu Ana Hisa

Mdogo wake mke wangu hakuwa na habari na vitabu mpaka aliposikia mambo ya mayai ya Milo. Umeme ulikuwa unakatika kila jioni, nami nikawa nawasimulia watu wa nyumbani Catch-22, riwaya aliyoitoa Mmarekani Joseph Heller mwaka 1961. Heller mwenyewe aliruka na ndege za mabomu kutoka Corsica mwaka 1944, safari 60, kwa hiyo anakijua anachokicheka. Askari wake, Yossarian, kila akikaribia kumaliza idadi ya safari anazodaiwa, kanali anaiongeza. Mlango wa kutokea ni mmoja: kichaa haruhusiwi kuruka. Ila lazima aombe mwenyewe, na anayeomba kukiepuka kifo ana akili timamu, basi apande ndege.

Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia mwaka jana na bado tunaye, aliipenda sana hiyo. Tangu hapo mjukuu akisema anaumwa ili asioshe vyombo, anajibiwa kwamba mgonjwa wa kweli hapati nguvu ya kuja kujieleza.

Shemeji yeye alibaki na Milo, ofisa wa jikoni anayenunua mayai Malta kwa senti 7, akayauza kambini kwa senti 5, na bado anapata faida, maana huko Malta anayemuuzia ni yeye mwenyewe. Na kila askari ana hisa kwenye kampuni yake, eti.

Shemeji akaomba asimamie banda letu la kuku. Tukashukuru. Haukupita muda mrefu mayai yakawa hayafiki jikoni, na mtoto anatumwa dukani kwa Mangi na mia nne. Asubuhi moja nikaligeuza yai, nikakuta tarehe kwa peni ya bluu, mwandiko wa mke wangu.

"Shemeji, hili si la kwetu?"

"La kwetu. Mangi nampa kwa mia tatu, tunalinunua mia nne, hamsini ananirudishia. Faida ya kampuni hiyo."

"Na hasara?"

"Ya nyumba. Lakini shemeji, nyumba nayo ina hisa."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Heller naye anakunasa hivyo hivyo. Unamcheka Milo hata anapolipwa na Wajerumani aipige mabomu kambi yake mwenyewe. Halafu kijana Snowden anavuja damu ndani ya ndege, Yossarian anafungua sanduku la huduma ya kwanza atafute mofini, na Milo ameshaichukua, ameacha kikaratasi cha kampuni. Vitabu vingi vya vita humtafuta mbaya upande wa pili wa mstari. Hiki kinamkuta stoo, ana risiti mkononi.

Kwetu ilikuwa chai ya moto kwenye mkono wa binti yetu. Mama yake alimwekea mkono chini ya bomba, mimi nikakimbilia kasha la dawa juu ya kabati. Vidonge vya maumivu hakuna, bandeji hakuna. Kipande cha daftari tu: "Baba, hisa 2." Vitu vyenyewe vilikuwa gereji ya pikipiki, vimekopeshwa kwa riba.

Mtoto alipoacha kulia, mama mkwe akaitisha mkutano wa wanahisa. Shemeji akafungua daftari asome mapato. Bibi akamwambia afunge, kwanza ipigwe kura nani ataosha vyombo mwezi mzima. Mikono yote ikanyooshwa kumwelekea yeye.

Shemeji akashika tumbo, akasema hajisikii vizuri.