Treni ya Mizigo Haichelewi

Kila mtu ana ugonjwa wake. Jirani yangu wa kulia anafuga njiwa, wa kushoto anabeti. Mimi naangalia treni za mizigo. Njiwa wataliwa, mkeka nao ipo siku utatiki, lakini mtu mzima anayekaa juu ya jiwe kando ya tuta la reli tangu saa mbili asubuhi, daftari mapajani, akingoja mabehewa ya mafuta yapite, huyo hapa Morogoro hajapatiwa jina.

Na pasipo jina watu hukutungia. Vijana wa bodaboda wameniita Chuma Chakavu, maana wana hakika nahesabu mataruma ili nirudi usiku na mkokoteni. Mama lishe pale jirani anaamini nimeachishwa kazi na sijapata ujasiri wa kumweleza mke wangu. Chai ananiongezea sukari bila kuombwa. Juzi akaja mtoto wa shule.

“Shikamoo babu. Unasafiri?”

“Marahaba. Hapana.”

“Unapokea mgeni?”

“Hapana.”

Akanitazama kwa muda, akavunja muwa wake katikati, akanipa kipande na kuondoka bila neno. Sijawahi kuhurumiwa hivyo hata msibani.

Wapo wanaonishauri kwa nia njema: kama unapenda treni, si ukaangalie ile ya umeme? Ile naipanda, tena kwa shukrani. Tangu Juni 2024 naenda Dar na kurudi bila kugusana magoti na gunia la mtu. Lakini kuiangalia? Kitu kinachokimbia kilomita 160 kwa saa kina nini cha kuangalia? Hujatoa simu mfukoni, imeshapita. Inapita kimya kama mdaiwa mbele ya duka la Mangi. Halafu haina moshi. Kamusi zetu zinasema garimoshi. Ukitoa moshi linabaki gari, na magari nayaona bure barabarani.

Garimoshi mimi ninalolijua ni lile la reli ya zamani, ya mita moja, waliyoifikisha Wajerumani hapa mwaka 1907. Ninachokingoja hasa ni kile kichwa cha namba zinazoanza na 88. Vichwa hivyo vilitengenezwa Montreal, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati reli ilikuwa bado mali ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vichwa vikaendelea kuvuta. Kabla hujakiona unakisikia: hakingurumi sawasawa kama lori, kinakohoa kwa mafungu, kugu-du, kugu-du, kama mzee anayetaka watu wajue ameamka. Kikianza kuondoka, moshi mweusi unapanda wima ukiwa na Uluguru nyuma yake, kokoto zinatetemeka, na jiwe ninalokalia linanipa habari kupitia makalio kabla masikio hayajapata. Kisha mabehewa: matangi ya mafuta, makasha ya Isaka, makasha ya Kigoma, moja baada ya jingine, kila gurudumu likigonga kiungio kilekile cha reli mbele ya miguu yangu. Nahesabu. Sijui kwa nini nahesabu. Nikifika ishirini na tatu lazima mtu apite aniulize saa ngapi.

Tatizo ni kungoja. Treni ya abiria ina ratiba, hivyo una haki ya kulalamika. Ya mizigo haina ratiba yoyote inayokuhusu. Njia ni moja, treni zinapishana stesheni tu, na hiyo ya mizigo ndiyo inayoambiwa isubiri. Ukiuliza, jibu ni “iko njiani.” Kweli, iko njiani. Hata mahari ya binti yangu iko njiani. Kwa hiyo nimejitungia nadharia, na kila nikirudi nyumbani usiku naieleza: treni ya mizigo haichelewi, kwa sababu haikumwahidi mtu. Mwenye ahadi ndiye huchelewa.

Ina tabia moja tu isiyobadilika: inanivizia. Naweza kukaa saa tatu bila kukojoa, nikisimama kwenda nyuma ya kichaka, honi. Mwezi uliopita nilivumilia mpaka macho yakatoa machozi. Kichwa kikatokea, namba inasomeka, jua liko mgongoni mwangu kama studio. Nikainua simu. Mbuzi akapanda tuta, akasimama mbele yangu, akageuka kunitazama. Nina picha safi sana ya mbuzi. Nyuma yake kuna kitu cheusi.

Msifikiri sijasafiri kwa ajili ya ugonjwa huu. Nilikwenda mpaka Kidatu, inakoishia reli yetu itokayo Kilosa na kukutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Nilitaka kuona mkutano wa mataifa. Nikakuta reli mbili zisizoongea. Ya kwetu ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Hiyo tofauti ya milimita 67 nimeipima: haifiki urefu wa kidole changu cha shahada. Kwa ajili ya kidole hicho, mzigo unaoshuka kwenye behewa hili lazima upakiwe kwenye jingine. Sasa imeongezeka ya umeme, milimita 1,435. Nchi moja, reli tatu, na hakuna inayoweza kuazima behewa kwa mwenzake. Ni kama mke, mkwe na wifi katika jiko moja: kila mmoja na sufuria zake.

Nikaenda na Nairobi, kwenye makumbusho ya reli. Mabasi mawili na usiku mzima kwenda kusimama mbele ya jitu la mvuke la namba 5918. Lilitoka Manchester katika miaka ya 1950 pamoja na ndugu zake, jumla 34, kila moja tani 252, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hili linaitwa Mount Gelai. Nikaguna. Gelai si uko kwetu, kando ya Ziwa Natron? Nikamsogelea mwenzake, 5930: Mount Shengena. Shengena ni Upare! Milima miwili ya Tanzania imekaa Nairobi kwa miaka yote hii na hakuna aliyetoa taarifa. Nilitaka kulizungumza na mtu, lakini aliyekuwa karibu ni bwana harusi aliyekuja kupiga picha.

Huku nyumbani mambo ni mazito zaidi. Stesheni moja nisiyoitaja, mlinzi aliniomba daftari. Akasoma ukurasa mzima wa namba, akafunua wa pili, namba, wa tatu, namba. Akaniuliza taratibu, “Mzee, hizi ni za nini?” Nikamwambia ni za mabehewa yaliyopita. “Sasa kama yamepita?” Swali hilo sijalipatia jibu mpaka leo. Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mgonjwa cheti chake.

Jumamosi nilikuwa nimemwahidi mama watoto kurudi saa kumi, twende kumwona shangazi yake aliyetoka hospitali. Nilifika saa moja na nusu usiku. Alikuwa sebuleni, kanga ya kutokea ingali begani.

“Treni ilichelewa,” nikasema.

“Ya abiria?”

“Ya mizigo.”

“Ya mizigo haichelewi,” alinijibu. “Si wewe unayetuambia? Mwenye ahadi ndiye huchelewa.”

Nilikula ugali wa baridi kimya kimya na nadharia yangu.

Usiku wa manane honi ikalia upande wa stesheni. Nikajua amelala, nikainua kichwa kidogo nisikilize.

“Hiyo ni 88,” alisema gizani. “Sikia inavyokohoa.”

Nikapapasa pembeni mwa kitanda, nikakumbuka daftari nimelisahau kwa mama lishe.