Namna ya Kulinasa Handaki Lililofukiwa

Uingereza ina takriban mahandaki 6,000 ya maji ya zama za kati. Mengi yalichimbwa kati ya 1250 na 1350 kuzunguka nyumba za wenye mashamba, hasa Essex na Suffolk. Majembe yameyasawazisha mengi, lakini handaki halijui kunyamaza. Lichongee hivi.

Kwanza, ombea ukame. Mkulima atakununia, ila vumilia. Udongo uliojaa handakini una kina na hutunza unyevu, hivyo shayiri iliyo juu yake hurefuka na kubaki kijani wakati majirani zake wamekwisha geuka manjano. Juu ya msingi wa mawe huwa kinyume: shayiri huwahi kukauka. Kiangazi cha 2018 kilianika michoro ya namna hiyo katika mashamba mengi ya Uingereza.

Pili, rukia ndege asubuhi au jioni. Penye malisho, handaki huwa limebaki bonde la kina kidogo tu. Jua likiwa chini, ukingo mmoja hung'aa na mwingine hutupa kivuli. Saa sita mchana huoni kitu. Kwa mbinu kama hizi O.G.S. Crawford, aliyekuwa ofisa wa kwanza wa akiolojia wa Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, kuanzia 1920, aliifanya anga kuwa chombo cha kazi.

Tatu, sumbua makabati ya nyaraka. Ramani za zaka zilizofuata sheria ya 1836 huja na daftari la majina ya mashamba, na shamba lililopewa jina la handaki halikupewa bure. Ramani za kale za Ordnance Survey nazo huandika mabaki ya kale kwa herufi za Kigothi.

Nne, shuku kila dimbwi. Huenda ni bwawa la samaki au shimo la udongo wa matofali. Tafuta kisiwa katikati na njia ya kuingilia, kisha linganisha na picha za jeshi la anga za miaka ya 1940, zilizopigwa kabla matrekta hayajalima malisho mengi.

Tano, acha koleo nyumbani. Tope la chini, lisilopitisha hewa, huhifadhi mbao, ngozi na mbegu. Likikauka, vyote huoza. Peleka ramani yako kwa ofisi ya kaunti inayotunza kumbukumbu za mambo ya kale, na uipeleke kabla ya msimu wa kulima.