Makoti Uliyoyasukuma Chini ya Meza

Minneapolis, Januari

Shangazi,

Kwanza nizime uzushi. Ile picha aliyoisambaza Baba Mkubwa kwenye kundi la ukoo, akaandika chini yake "mtoto wetu katoboa", si ya mtu aliyetoboa. Ni ya mtu aliyevaa mtumba kuanzia utosini hadi kwenye unyayo, isipokuwa nguo za ndani, na hilo la nguo za ndani nitalifikia. Koti lile jeusi la kufika magotini, lenye manyoya pembeni ya kofia, ambalo binamu zangu wamelikadiria dola 300, nimelinunua dola 14. Sweta dola 5. Buti, ambazo ndizo zilizoniuma mfukoni, dola 25. Walioanza kuandaa maombi ya mtaji wa bodaboda wasomewe bei hizo kwa sauti.

Nakuandikia wewe kwa sababu ukoo mzima ni wewe tu utakayenielewa bila kamusi. Umekaa soko la Karume miaka yote hiyo ukifungua mabelo, na kila belo la majaketi lilipokatwa kamba ulikuwa na desturi moja: yale mepesi ya kupendeza unayatundika juu, yale mazito yaliyojaa kama magodoro unayasukuma chini ya meza, yakae hapo mpaka wachuuzi wa Makete na Njombe waje kuyabeba. Mtu wa Ilala atayavaa wapi? Basi nimefika yanakotoka. Belo linafungwa huku.

Nieleze baridi yenyewe, maana najua unaifikiria kipupwe cha Julai, siku ambazo ulikuwa unatulazimisha tuoge maji ya moto. Huku wanapima kwa Farenihaiti, kwa hiyo mtu akikwambia leo ni 20 unaweza kushangilia bure. Hiyo 20 yao ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri yetu. Vipimo viwili hivi vinakutana mahali pamoja tu, 40 chini ya sifuri, na mtu akifika hapo hana tena nguvu ya kubishana. Januari 2019, kabla sijaja, mji huu ulishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na shirika la posta likasimamisha kupeleka barua jimbo zima. Nilipoambiwa habari hiyo nilikuwa tayari nimeshalipa kodi ya nyumba.

Halafu kuna upepo. Redio hutaja namba mbili: baridi iliyopo, na baridi unayoisikia mwilini upepo ukishachanganyikana nayo. Hiyo ya pili ikifika kama 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Wenzangu kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, walikuwa wanajiandaa kunifafanulia kwa mchoro. Nikawaambia somo hili Dar tunalijua. Ndiyo maana dereva wa bodaboda anayetoka Mbagala alfajiri huvaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, upepo wa barabara ya Kilwa usipate upenyo kifuani. Hawakuamini kwamba kuna binadamu anavaa jaketi la theluji kwenye joto la nyuzi 28. Nikawaonyesha picha. Sasa yupo babu mmoja pale ambaye kila nikimpelekea chai ananiuliza kama Dar es Salaam theluji imeshaanza kuyeyuka.

Sasa biashara. Huku mtu akichoka na nguo yake anaipeleka bure kwenye duka la hisani. Maarufu kuliko yote ni Goodwill, lililoanzia Boston mwaka 1902 kwa mkono wa mchungaji wa Kimethodisti, na fedha yake husaidia kuwafundisha watu kazi. Nguo ikikaa bila mnunuzi, inapelekwa kwenye duka la mwisho, ambako inauzwa kwa kupimwa kwenye mizani kama dagaa. Ikikataliwa na huko, nyingi huuzwa kwa jumla kwa wasafirishaji, ndio hao wanaokufungia mabelo. Maana yake koti linalokufikia wewe huenda limeshakataliwa mara mbili na watu wa huku. Usiwaambie wateja.

Hilo duka la mizani ungelipenda. Nguo zimelundikwa kwenye mabeseni marefu yenye magurudumu. Kila baada ya muda wafanyakazi wanayaondoa ya zamani na kusukuma mapya, na watu wote wanatakiwa kusimama nyuma, mikono isiguse kitu, mpaka ruhusa itoke. Ikitoka, Shangazi, ni Karume saa kumi na mbili asubuhi, tofauti yake ni ukimya. Hakuna anayeita "jero, jero, chagua mwenyewe". Mama wa miaka sabini anakupiga kumbo halafu anakuomba radhi kwa sauti ya chini, huku sweta ulilolitaka limeshaingia kwenye toroli lake.

Kupatana bei hakupo. Nilijaribu. Msichana wa kwenye mashine alitazama kitiketi, akanitazama mimi, akatazama tena kitiketi, akidhani labda sioni vizuri. Lakini wana namna yao ya kushuka bei: vitiketi vina rangi, na kila wiki kuna rangi inayouzwa nusu. Na jimbo hili la Minnesota halitozi kodi ya mauzo kwenye nguo wala viatu, kwa hiyo bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa. Hapo nikaona serikali ina watu waliowahi kupigwa na baridi.

Ulichonifundisha wewe ndicho kinachonivisha. Wenzangu dukani wanatafuta jina la kampuni kifuani. Mimi nageuza nguo ndani nje, naangalia makwapa, navuta zipu juu na chini, nanusa, halafu nafumba macho na kusugua kitambaa kwa vidole viwili. Sufu huijua kwa mguso kabla hujasoma lebo. Nimejifunza kuipenda sufu kwa sababu hata ikipata unyevu haikuachi. Pamba ikilowa jasho inakugandia mwilini na kukunyonya joto lote. Kwa hiyo zile fulana zangu nzuri za pamba, ambazo ulinifungia kwenye sanduku na kuniambia nisiaibike ugenini, zinasubiri Juni.

Kinachokutunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Chini kabisa unavaa nyembamba inayoshika mwili, katikati kitu chenye manyoyamanyoya au sweta, juu koti la kuzuia upepo, na vyote viachiane nafasi. Kijana wa mjini aliyezoea suruali ya kubana anapata taabu kubwa huku, maana kinachomkalia vizuri kwenye kioo ndicho kinachomtetemesha kituoni. Mimi nachukua koti saizi moja zaidi, nikiwa nimevaa sweta wakati wa kulijaribu, na kama fundi angekuwepo nisingelipunguza.

Hapo chini kabisa ndipo penye kesi ya nguo za ndani. Kuna seti za suruali na fulana ndefu za kuvalia ndani, nyingine za sufu safi, na kwenye duka la mtumba zipo, dola 3 hivi. Nilishika moja mkononi nikakumbuka vita vyako na Shirika la Viwango, TBS, walipopiga marufuku nguo za ndani za mtumba, na hotuba uliyotutolea, kwamba safari hii serikali imesema kweli. Je, nguo inayofika kifundo cha mguu ni ya ndani? Nilisimama pale nikijadiliana na sheria za nchi ambayo iko bara jingine. Mwishowe nikairudisha, nikanunua mpya dukani kwa bei iliyonifanya nile maharage. Heshima yako imenigharimu dola 30, na naandika hivi ili ihesabiwe siku ya urithi.

Kwenye buti usifanye ubahili hata kidogo. Koti la dola 14 litakuvumilia, lakini kiatu cha hovyo kitakuadhibu hatua kwa hatua. Nilitafuta zenye soli nene na soksi ya ndani inayotoka, ili usiku ianikwe peke yake ikauke, na nikachukua kubwa kidogo, kwa sababu kiatu kikibana damu haiteremki vidoleni. Zilikuwa na michirizi myeupe, watu wanaziruka wakidhani zimeoza. Ni chumvi tu. Huku wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na inapanda kwenye viatu. Kitambaa chenye maji na siki kidogo, imekwisha. Glavu nazo usinunue za vidole vitano. Zile zinazoweka vidole vyote chumba kimoja ndizo zenye joto, ingawa ukitaka kupokea simu lazima uanze kuvua tangu mpigaji akiwa bado anafikiria.

Si kila mtu anakubaliana na sera yangu. Jirani yangu ni Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa suti, koti la kitambaa chembamba la kufika kwenye goti, kiatu cha ngozi kilichong'arishwa. Nikimwonyesha koti langu anasikitika kabisa. "Miye, kuvala gunia? Hapana, mukubwa." Nilidhani atakufa kabla ya Krismasi. Kumbe ana akili yake. Katikati ya mji huu majengo yameunganishwa kwa njia za vioo zinazopita juu ya barabara, ghorofa ya pili. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1962 na sasa mtandao wake unakaribia kilomita 15. Jamaa anashuka kwenye basi mlangoni, anapanda ngazi, anafanya shughuli zake zote humo mpaka jioni, na kiatu hakijui theluji ni nini. Nguo zake anazinunua maduka yaleyale ninayonunua mimi. Tofauti ni kwamba yeye anachagua nguo kwa ramani.

Tena ana hoja nyingine ambayo sikuweza kumjibu. Ndani ya nyumba huku kuna joto kiasi cha kuvaa shati. Ukiingia mahali unavua koti, kofia, skafu, glavu, na watu wanaona kilichokuwa chini. Kwa hiyo sweta la ndani lazima liwe la heshima, lililopigwa pasi. Ukiwa nje unafanana na furushi. Ndani ndiko unakoulizwa umetoka kwa nani.

Na hapa nikusimulie ya Brooklyn Park, mji wa jirani. Kuna familia ya Kikenya huko iliyotualika pilau, wenye Kiswahili wote: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Wasomali waliokulia Eastleigh, Nairobi. Kila anayeingia anavua koti, na makoti yanarundikwa kwenye kitanda cha chumba cha wageni. Sasa fikiria, wote ni watu wa hesabu, wote tumenunua mtumba, na rangi inayouzwa kwa wingi ni nyeusi. Saa sita usiku kitanda kile kilikuwa belo lisilofunguliwa. Mtu anavuta mkono wa koti, linatoka la mwenzake. Mzee mmoja wa Kisumu alishaondoka na koti lenye funguo za gari la mtu mwingine mfukoni, akafika kwake, akalala fofofo na simu ameizima. Mwenye gari alilala pale kwenye kochi. Wengine tulipanga foleni, mwenye nyumba akasimama mlangoni kama karani wa forodha, kila mtu anataja kilichomo mfukoni mwake kabla ya kukabidhiwa koti. Mama mmoja akasema "leso, Panadol na karafuu", na kweli vikatoka. Mimi nilipita bila maswali. Nimeshona kipande cha khanga yako ya zamani ndani ya ukosi. Maandishi hayakutosha yote; limebaki neno "hasidi" peke yake. Nadhani hata mwizi angesita.

Msimu wa kununua, kama ulivyotarajia, ni kinyume cha msimu wa kuvaa. Julai watu wanauza vitu mbele ya nyumba zao, na koti la maana unalipata dola 4 kwa sababu mwenyewe hataki hata kuliangalia. Unalijaribu juani, jasho linakutiririka, watoto wamesimama wanakuangalia na aiskrimu zao. Wewe umenunua miavuli kiangazi maisha yako yote, kwa hiyo sina la kuongeza.

Kulikuwa na kijana wa chuo aliyenihurumia kwa kazi yako. Akanieleza kwamba mtumba unaua viwanda vya Afrika. Nikamwambia ni kweli, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo tunaijua historia yake, na Rwanda walipopandisha ushuru wa mtumba mwaka 2016 Marekani ikawasimamishia nafuu ya kuuza nguo kwao mwaka 2018. Labda aanze kwa kuwaandikia wakubwa wake. Alikuwa amevaa jaketi la jinzi lililofumuka, kalinunua dola 60 kwenye duka la mtumba lenye taa nzuri. Dola 60, Shangazi. Wewe ungemwachia kwa buku tano, tena ungemshonea.

Mwisho, lile swali lako la siku nyingi, kama ni kweli Wazungu husahau dola mifukoni. Nimepekua mingi. Nimekuta risiti, tishu, peremende, tiketi za hoki, glavu ya mkono mmoja, na notisi ya faini ya kuegesha gari ambayo nina hakika mwenyewe aliiweka makusudi. Dola sijaziona. Ama hawasahau, ama kuna anayetutangulia.

Ila wiki iliyopita nimeligawa lile koti langu la kwanza, la bluu, zipu imekufa, mkono wa kulia una doa la kahawa. Likikufikia usilisukume chini ya meza kwanza. Pekua mfuko wa ndani wa kushoto, kuna dola 5. Na kama ukilikuta tupu, muulize Mjomba alikuwa wapi siku belo linafunguliwa.

Nisalimie wote. Baba Mkubwa mwambie picha nyingine sitatuma.

Wako,
Mwanao